Nilimripoti rafiki yangu kazini kwa sababu ya kipande cha waya, na ningerudia

Habari zenu wakuu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Ni Mkenya, naishi Nairobi, kwa hivyo Kiswahili changu mtakivumilia pale kitakapochechemea. Ndugu zetu wa Tanzania, msianze kunisahihisha kabla sijafika hata katikati.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha na majengo sitayataja, mengine yote ni vile yalivyokuwa. Sijaja kuomba huruma wala kuungama. Nimekuja kwa sababu wiki iliyopita niliona kitu River Road na tangu siku hiyo hakijanitoka kichwani. Nitafika huko.

Kazi yangu ni fundi wa lifti.

Nikisema hivyo watu huniuliza kama mimi ndiye yule anayekaa ndani akibonyeza namba. Hapana. Sisi ndio tunaopanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, tunashuka tukiwa weusi kwa grisi, na mpangaji wa ghorofa ya tano anatuangalia kama sisi ndio tuliomharibia siku.

Kampuni yetu ni ya kadiri. Tunahudumia majengo ya Kilimani kwa wingi, machache ya town, na nyumba kadhaa kule Kitisuru ambako mtu ana ghorofa mbili tu na bado ana lifti. Sicheki. Wengi wao wanaishi na wazazi wazee.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni Shadrack.

Tunatoka kijiji kimoja kule Vihiga. Nilipokuja Nairobi nilifikia kwake Kangemi, chumba kimoja, yeye na mkewe Mama Joy upande huu wa pazia na mimi upande ule. Nilikaa miezi minane. Hakuna siku yule mama aliwahi kuninunia, na wakuu mnajua maisha ya chumba chenye pazia yalivyo.

Wakati huo nilikuwa nabeba mawe kwenye mjengo. Shadrack akamwomba bosi wake nimbebee sanduku la vifaa, basi nikaanza hivyo, nikiwa punda wake. Alinifundisha kila kitu nikijuacho. Nilipooa, best man alikuwa yeye. Binti yangu wa kwanza ana jina la marehemu mama yake Shadrack.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaandika hapo chini kwamba nilikuwa namwonea wivu.

Sasa lazima niwaeleze kitu kimoja cha ufundi. Nitajitahidi kiwe kifupi.

Kila mlango wa lifti, kwenye kila ghorofa, una swichi yake. Mlango mmoja ukibaki wazi, hata kwa upana wa kidole, umeme unakatika na lifti haiendi popote. Huo ndio ulinzi wenu, hata kama hamjawahi kuufikiria.

Lakini fundi anapotengeneza mlango mbovu, kuna wakati anahitaji kuisogeza lifti hata kama swichi imekataa. Hapo anachukua kipande cha waya, anaunganisha sehemu mbili ndani ya paneli, lile kabati la umeme kwenye chumba cha mashine, na mashine inadanganyika kwamba milango yote imefungwa. Waya hiyo tunaiita jampa. Ukimaliza kazi, unaitoa.

Ukiisahau, jengo zima linapanda lifti isiyojua kama mlango uko wazi au umefungwa.

Kwetu kila fundi alikuwa anajitengenezea jampa zake, na kila mtu ana alama yake. Za Shadrack zilikuwa mbili, nyekundu, ndefu kama mkono, na ncha zake zimezungushiwa tepu ya njano. Siku yangu ya kwanza kazini alinionyesha hizo mbili akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau.

"Jampa yako ikuwe refu mpaka mlango ya paneli ikatae kufunga. Ukiisahau, mlango itakukumbusha. Fundi mwenye anatumia jampa fupi anatafuta kifo ya mtu."

Mwezi huo mambo yalipoharibika, hizo jampa nyekundu zote mbili zilikuwa kwangu. Zangu zilikuwa zimechakaa, nikaazima zake, akanipa bila kuuliza nitarudisha lini. Hilo mlishike, kwa sababu mimi pia nina sehemu yangu kwenye hii stori.

Ilikuwa Ijumaa, asubuhi. Ofisi ikapigiwa simu na caretaker wa jengo moja Kilimani, Mzee Njoroge. Fundi wa jengo hilo ni Shadrack, lakini alikuwa na kazi nyingine upande wa town, basi Madam Wanjiru, msimamizi wetu, akanituma mimi.

Nilimkuta Njoroge na mop mkononi. Sakafu ya chini yote ilikuwa maji.

"Hii lifti yenu imeenda na mlango wazi," akaniambia. "Haikungoja mtu."

"Imeenda aje, mzee?"

"Huyu jamaa wa maji alikuwa anaingiza trolley. Nusu iko ndani, nusu iko nje. Mtu wa juu akaiita, ikaenda."

Trolley ilikuwa na zile chupa za maji ya kunywa za lita ishirini. Moja ilinaswa kati ya sakafu ya lifti na fremu ya juu ya mlango, ikabanwa mpaka ikapasuka. Jamaa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, suruali imelowa hadi magotini, anamsimulia mtu kwenye simu huku anacheka. Alikuwa anacheka kwa sababu bado hajakaa chini akafikiria mguu wake ulikuwa wapi.

Mimi niliiangalia ile chupa. Ilikuwa bapa kama chapati.

Nikazima lifti, nikapanda ngazi ghorofa nane hadi chumba cha mashine, nikafungua paneli. Ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Na ndani yake kulikuwa na jampa.

Fupi, nyeupe, haizidi kiganja. Haikuwa nyekundu, lakini ncha zake zilikuwa na tepu ya njano, imezungushwa mara tatu na mwisho wake umekunjwa kidogo ili iwe rahisi kubandua. Nairobi nzima najua mtu mmoja tu anayekunja tepu hivyo. Kadi ya huduma, ambayo fundi huitia sahihi kila akimaliza kazi, ilikuwa na sahihi yake, ya Jumatatu.

Nilikalia debe la rangi lililokuwa humo ndani. Sitawadanganya wakuu, wazo la kwanza lilikuwa kuitoa, kuitia mfukoni, kuandika kwenye ripoti kwamba swichi ya mlango imeshika kutu, na jioni nimpitie Kangemi nimgombeze huku tunakunywa chai. Niliitoa kweli. Ilikaa mfukoni mwangu dakika kadhaa.

Halafu nikampigia.

"Shadi, wiki hii unatumia jampa gani?"

"Si zangu uko nazo wewe? Nilikata kipande ya waya."

"Hiyo kipande iko wapi?"

Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

"Yesu wangu," akasema. "Kilimani."

Akanieleza. Jumatatu alikuwa anamalizia mlango wa ghorofa ya tatu pale ofisi ilipompigia. Kuna mama mzee Kitisuru amekwama ndani ya lifti ya nyumbani, yuko peke yake, na ana shida ya kupumua. Shadrack akafunga paneli akakimbia. Alimtoa yule mama salama, na nasikia mama alimwombea pale pale akiwa bado amemshika mkono.

Yaani makosa yake yalitoka kwenye wema. Hilo nalijua, na nililijua hata nikiwa nimekalia lile debe.

"Ulikata vipande ngapi?" nikamuuliza.

"Moja."

Kisha akaongeza, "Ama mbili. Sikumbuki."

"Shadi, moja ama mbili?"

"Bro, toa hiyo uweke kwa mfuko. Hakuna mtu ameumia. Hizo building zingine nitapitia mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho. Ama Jumatatu, nikipata nafasi."

Wiki hiyo alikuwa amefungua paneli za majengo sita.

Kama angesema moja na akashikilia moja, sijui ningefanya nini. Pengine leo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia. Lakini alisema sikumbuki, na mimi namjua. Shadrack hasemi hakumbuki kitu akikumbuka.

Nikamwambia hivi, neno kwa neno: "Mpigie Madam mwenyewe umwambie. Nakupea dakika kumi."

"Wewe unanipea dakika?" akauliza. "Wewe?"

Akakata simu.

Nilingoja dakika ishirini na tano, si kumi. Kisha nikampigia Madam Wanjiru. Alikuwa hajasikia lolote. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba jampa za Shadrack zilikuwa kwangu na ndiyo maana alikata kipande. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Majengo gani?"

Kufikia saa sita mchana lifti zote sita zilikuwa zimezimwa. Watu walipanda ngazi na mboga zao, simu za ofisi zikalia mpaka zikachoka, na mwenye jengo mmoja akaapa atatafuta kampuni nyingine. Mimi na mafundi wengine wawili tukazunguka tukifungua paneli moja baada ya nyingine.

Hatukupata kitu.

Hakukuwa na jampa ya pili. Shadrack alikuwa amekata moja.

Najua hapa ndipo mtakapogawanyika, kwa sababu hata kazini waligawanyika. Kuna walioniambia nimemwangusha ndugu yangu kwa kitu ambacho hakikuwepo. Jibu langu ni lile lile hadi leo: hakuna aliyejua haipo mpaka paneli ya sita ilipofunguliwa, na mwenye kuikata pia hakujua. Tuliporudi ofisini mikono mitupu nilifurahi, na sikuificha furaha yangu.

Kuna mwingine ataandika, kwa nini usingezunguka mwenyewe kimyakimya? Nilipiga hesabu hiyo nikiwa juu kule. Funguo ziko kwa macaretaker sita tofauti, nusu yao wangepigia ofisi kuuliza nimetumwa na nani. Ningemaliza Jumapili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtu asiyejua kama kuna maradhi.

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kufanya kazi na vifaa vya mwenzangu. Nilistahili.

Shadrack aliondolewa kwenye mashine kwa miezi mitatu, akawekwa stoo agawe bolti na taa. Fundi wa miaka kumi na tano. Wiki hiyo hiyo Madam akatoa sheria mpya: kila fundi atapewa na ofisi jampa nne ndefu zenye namba, na kabla ya kuondoka kwenye jengo ataandika kwenye kadi ya lifti 4/4, kwamba nne zilitoka na nne zimerudi. Aliyekaa stoo kutugawia hizo jampa ni yeye. Ilipofika zamu yangu alinihesabia moja, mbili, tatu, nne, akageuza daftari niweke sahihi, hakuinua macho.

Vijana wa kazi wakaibatiza sheria ya Shadi. Niliwakataza. Wakaacha, angalau nikiwepo.

Wiki ya tatu akaacha kazi. Madam aliniambia alikuwa na mpango wa kumrudisha, na namwamini, kwa sababu yule mama hana muda wa kumbembeleza mtu kwa uongo.

Lakini nimeruka kitu. Jumapili ya kwanza baada ya ile Ijumaa, nilitoka kanisani nikaenda kwake Kangemi. Nilibeba mkate, sukari, na zile jampa zake nyekundu.

Mama Joy alinipokea kama kawaida, akachukua mkate, akaweka chai. Shadrack akatoka upande wa pili, akanipa mkono, akasema, "Karibu sana." Wakuu, mimi nimelala katika familia ile miezi minane. Sijawahi kukaribishwa, huwa naingia tu.

Tukanywa chai. Kisha Shadrack akasema:

"Ingekuwa ni wewe umesahau, ningetoa. Ningekugombeza mpaka ulie, lakini ningetoa."

"Najua," nikamjibu. Na kweli najua.

"Na bado ukapiga simu."

"Ulisema moja ama mbili, Shadi."

Nikaweka jampa zake mezani. Akazisukuma taratibu kwa mgongo wa mkono mpaka zikafika karibu na kikombe changu.

"Baki nazo. Wewe ndio uko na kazi ya kuzitumia."

Miaka yote Shadrack hunisindikiza hadi barabarani, na hapo barabarani tunasimama tena nusu saa kwa sababu stori huwa haziishi. Siku hiyo hakuinuka. Aliyenisindikiza ni Mama Joy, na tulipofika kwenye geti la ploti akaniambia kitu ambacho sikukitarajia.

"Shemeji, hiyo ya kuripoti Baba Joy angemeza. Ashaanza kumeza hata. Yenye imekwama ni vile ulimpea dakika kumi."

Nilisimama pale kama nguzo ya stima.

Alinifundisha kushika bisibisi. Alinilaza kwake nikiwa sina mbele wala nyuma. Halafu mimi, nikiwa nimekalia debe, nikampimia muda kama askari anavyompimia mshukiwa. Ningeweza kusema, Shadi, tupige hii simu pamoja. Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyebaki na jampa zako, kwa hivyo tuna kesi moja sisi wawili. Maneno hayo yote nilikuwa nayo. Nilichagua yale mengine kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshajiona mimi ndiye msafi.

Hilo ndilo linaloniuma. Simu kwa Madam hainiumi hata kidogo.

Desemba tulikutana nyumbani Vihiga, kwenye mazishi ya mzee mmoja wa kijiji. Tayari habari zilikuwa zimefika, na nilisikia mtu nyuma yangu akisema asante ya punda ni mateke. Binti yangu, yule mwenye jina la mama yake Shadrack, alimwona akamkimbilia. Shadrack akampakata mchana kutwa, akamlisha kwenye sahani yake. Jioni akaja kumrudisha. Alimkabidhi mke wangu, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo na mikono nimeshainyoosha.

Nililia kwenye choo cha shimo. Andikeni mtakavyo.

Sasa ya River Road.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchapisha kadi za harusi ya mdogo wangu. Mchapishaji yuko ghorofa ya tano, kwenye jengo la zamani lenye lifti ndogo ya watu wanne. Pale chini palikuwa na mama mmoja mwenye katoni mbili za karatasi anajiandaa kupanda ngazi.

"Hiyo usiingie," akaniambia. "Hiyo ni ya kuombewa."

Mimi nikiona lifti husoma kadi yake kwanza, ni ugonjwa wa kazi. Kadi, iliyobandikwa ukutani kando ya mlango, ilikuwa ya kampuni ndogo ambayo siijui. Ilikuwa na sehemu mbili tu: tarehe na sahihi. Sahihi ilikuwa S yenye mkia mrefu, ile ile niliyoiona kwenye kadi ya Kilimani.

Na kando ya kila sahihi, nje kabisa ya mstari, mahali ambapo kadi haimwombi mtu chochote, kulikuwa na maandishi madogo ya kalamu. 4/4. Chini yake 4/4. Kadi yote, mwezi hadi mwezi, hakuna hata mmoja alioruka.

Kampuni hiyo haina sheria yetu. Hakuna anayemkagua. Nilisimama pale nikiisoma kadi kama barua.

"Unapanda ama hupandi?" yule mama akaniuliza.

"Napanda," nikamwambia. "Leta katoni zako, mama. Hii iko sawa."

Akanitazama, akatazama lifti, akaingia. Milango ikajifunga vizuri, tukafika ghorofa ya tano na sakafu ikalingana na sakafu, hata kikombe kisingemwagika. Yule mama alinishukuru mimi, nami sikumwambia anayepaswa kushukuriwa ni nani.

Somo langu ni hili, na sitalizungusha. Ukiona kosa linaloweza kuua mtu, liseme, hata kama mwenye kosa alikulisha. Lakini unapokwenda kulisema, mshike mwenzako mkono mwende naye. Usimwekee saa. Mimi la kwanza nililifanya, la pili likanishinda, na urafiki ukafia hapo katikati. Kama siku ile ingerudi, ningepiga simu ile ile kwa mtu yule yule.

Mwenye mawe arushe, ngozi yangu imeshakomaa. Ila wale ambao mmewahi kuripotiwa na rafiki, ninyi ndio nataka kuwasikia zaidi, kwa sababu nina swali na hapa kwangu hakuna wa kumuuliza.

Zile jampa mbili nyekundu bado ziko kwenye begi langu. Sijawahi kuzitumia. Sasa najua anafanya kazi wapi, na kadi inaonyesha atarudi pale mwanzoni mwa mwezi. Nikimpelekea, nitakuwa namrudishia vyake, au nitakuwa nampa dakika kumi zingine?